Nyota kubwa hufa mapema: mazungumzo kuhusu muungano wa viini na umri wa nyota

NEEMA: Msikilizaji, karibu tena katika kipindi chetu cha sayansi, kinachorekodiwa hapa Dodoma. Mimi ni Neema, na kama kawaida nipo na Mwalimu, ambaye amefundisha fizikia katika shule za sekondari za mkoa huu kwa muda mrefu. Leo tuna maswali mawili. La kwanza limetoka kwa mwanafunzi wa kidato cha nne aliyeko Kondoa, anayeuliza: ikiwa Jua linapata nishati yake kwa njia ileile ya bomu la haidrojeni, kwa nini halilipuki lote kwa mara moja? La pili ni la mama mmoja wa Manyoni, ambaye amesikia kwamba nyota kubwa hufa mapema kuliko nyota ndogo, naye haoni mantiki yake, kwa kuwa mwenye akiba kubwa ndiye anayetarajiwa kudumu. Mwalimu, tuanze na lipi?

MWALIMU: Ahsante, Neema. Ningeomba tuyachukue kuwa swali moja, kwa sababu yana jibu moja. Umri wa nyota hauamuliwi na wingi wa haidrojeni iliyomo ndani yake, bali na kasi ambayo viini vya haidrojeni hiyo vinaweza kuungana kuwa heliamu kule kitovuni. Lakini kabla ya kuzungumzia kasi, ni vizuri tujue Jua limekwisha kuwaka kwa muda gani, na ushahidi wa jambo hilo tunao hapa nje ya mlango. Majabali haya ya granaiti yaliyoizunguka Dodoma, ambayo watu huyapasua kokoto kila siku, ni sehemu ya msingi wa kale sana wa bara la Afrika, na umri wake unazidi miaka bilioni 2.5. Umri huo hupimwa kwa kuangalia ni kiasi gani cha urani iliyofungiwa ndani ya chembe za madini kimekwisha kugeuka kuwa risasi.

NEEMA: Na sisi mkoani kwetu habari ya urani si ngeni, maana watafiti wa madini wameitafuta sana kule Bahi. Lakini mawe yanahusiana vipi na Jua?

MWALIMU: Yanahusiana kwa sababu Jua haliwezi kuwa changa kuliko mawe ya sayari inayolizunguka. Katika karne ya 19 jambo hili lilileta mzozo mkubwa. Kama Jua lingekuwa rundo la makaa ya mawe linaloungua, lingekwisha ndani ya miaka elfu chache tu. Mwanafizikia William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alieleza kwamba Jua linapata joto kwa kujikunja polepole chini ya uzito wake lenyewe, na mwaka 1862 aliandika kwamba yaelekea halijawaangazia watu na viumbe wa Dunia kwa zaidi ya miaka milioni 100. Hesabu yake ilikuwa sahihi kwa nishati aliyoijua. Wanajiolojia, na Charles Darwin pamoja nao, walihitaji muda mrefu zaidi ya huo ili kueleza waliyoyaona katika miamba na viumbe, lakini hawakuwa na la kumjibu, kwa kuwa hakuna aliyejua chanzo kingine cha joto.

NEEMA: Kilijulikana lini?

MWALIMU: Mwaka 1920. Francis Aston, huko Cambridge, alipima kwa makini masi za atomi, na ikaonekana kwamba atomi moja ya heliamu ni nyepesi kidogo kuliko atomi nne za haidrojeni zikijumlishwa. Arthur Eddington aliiona maana yake mara moja, na mwaka huohuo alisema katika hotuba aliyoitoa mjini Cardiff kwamba, ikiwa nyota zinageuza haidrojeni kuwa heliamu, masi inayopotea ndiyo nishati tunayoiona. Upungufu huo ni asilimia 0.7 tu. Ukichukua kilo moja ya haidrojeni na kuigeuza yote kuwa heliamu, utabaki na gramu 993, na zile gramu saba zitakuwa zimetoka kama nishati. Sasa tuzigeuze kwa kipimo tunachokifahamu wote tunaonunua umeme: gramu hizo saba ni sawa na uniti milioni 175 hivi.

NEEMA: Uniti milioni 175 kutoka katika kilo moja! Mimi nikinunua uniti 50 huwa nazihesabu mpaka mwisho wa mwezi.

MWALIMU: Na Jua haligeuzi kilo moja. Kila sekunde linageuza takriban tani milioni 600 za haidrojeni, na kati ya hizo tani milioni nne na kitu hupotea kama nishati. Tufanye hesabu ambayo mwanafunzi wetu wa Kondoa anaweza kuirudia kwenye daftari. Masi ya Jua kwa tani ni 2 ikifuatiwa na sifuri 27. Ni sehemu ya ndani tu iliyo na joto la kutosha, kwa hiyo chukua sehemu moja ya kumi, yaani 2 ikifuatiwa na sifuri 26, uigawanye kwa milioni 600, kisha ugawanye jibu kwa sekunde milioni 31.5 za mwaka mmoja. Utapata zaidi kidogo ya miaka bilioni 10. Jua limekwisha kutumia bilioni 4.6 kati ya hiyo. Granaiti ya Dodoma inaingia humo bila taabu yoyote.

NEEMA: Basi hapo ndipo ninapomuelewa yule mwanafunzi. Tani milioni 600 kwa sekunde ni kasi ya kutisha. Kwa nini isiwe tani zote kwa sekunde moja?

MWALIMU: Kasi hiyo inatisha kwa sababu Jua ni kubwa mno. Ukitazama sehemu ndogo ya kitovu chake, utakuta kwamba pamepoa kabisa, kwa maana ya kazi inayofanyika pale, ingawa joto lake ni nyuzi milioni 15. Mita moja ya ujazo katikati ya Jua, mahali ambapo muungano ni mkali kuliko popote, hutoa wati kama 275 tu. Wewe, Neema, ukiwa umeketi hapo bila kufanya lolote, mwili wako unatoa joto la wati 100 hivi.

NEEMA: Na ujazo wa mtu ni kama lita 70, kwa hiyo mita moja ya ujazo iliyojaa watu ingetoa… wati 1,400 na zaidi. Kumbe lita kwa lita mimi nawaka kuliko Jua?

MWALIMU: Unalizidi mara tano. Nimekuwa nikiwaambia wanafunzi jambo hili kwa miaka, na kila mara kuna mmoja anayedhani ninamtania. Lakini hilo ndilo jibu la swali la kwanza: Jua halilipuki kwa sababu muungano wa viini ndani yake ni mgumu sana kutokea. Tuone ugumu uko wapi. Kiini cha haidrojeni ni protoni moja yenye chaji chanya, na protoni mbili zikikaribiana zinasukumana. Kwa joto la nyuzi milioni 15, fizikia ya zamani inasema haziwezi kamwe kugusana, kwa kuwa hazina mwendo wa kutosha. Mwaka 1928 George Gamow alionyesha kwamba, kwa kanuni za kwanta, yaani fizikia ya chembe ndogo kabisa, chembe ina uwezekano mdogo wa kupenya kizuizi ambacho haina nguvu ya kukiruka. Mwaka uliofuata Robert Atkinson na Fritz Houtermans waliitumia hoja hiyo kwa nyota.

NEEMA: Kwa hiyo protoni zinapenya, zinagusana, na kazi imekwisha?

MWALIMU: Hapana, na hapa pana jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita haraka. Protoni mbili zikiwa peke yake haziwezi kushikamana zikadumu. Ili kipatikane kiini kinachodumu, mojawapo inapaswa kugeuka kuwa neutroni, chembe isiyo na chaji, katika muda uleule mfupi kabisa ambao zimekutana, na mgeuko huo unaletwa na nguvu dhaifu ya kinyuklia, ambayo hufanya kazi kwa nadra mno. Protoni ya kawaida katika kitovu cha Jua hugongana na wenzake mara nyingi zisizohesabika kila sekunde, lakini kwa wastani inasubiri karibu miaka bilioni 10 kabla ya mgongano mmoja kufanikiwa. Ikifanikiwa, hupatikana deuteri, yaani haidrojeni yenye protoni moja na neutroni moja, pamoja na chembe mbili ndogo ziitwazo positroni na neutrino. Kuanzia hapo mambo ni mepesi: deuteri humeza protoni nyingine ndani ya sekunde chache na kuwa heliamu-3, na baadaye viini viwili vya heliamu-3 hukutana, vikatoa heliamu ya kawaida na kurudisha protoni mbili. Hans Bethe na Charles Critchfield waliieleza hatua ya kwanza ya mnyororo huo mwaka 1938.

NEEMA: Kwa hiyo umri wa Jua umefungwa na ile hatua ya kwanza.

MWALIMU: Ndiyo hiyo. Na bomu la haidrojeni linairuka hatua hiyo. Halitumii haidrojeni ya kawaida, bali linatumia deuteri na triti (haidrojeni yenye neutroni mbili), ambazo neutroni zake zimekwisha kuwamo, kwa hiyo hakuna haja ya kungoja nguvu dhaifu ifanye kazi yake. Hata wahandisi wanaotafuta umeme kwa njia hii hutumia mchanganyiko huohuo, tena kwa joto linalozidi nyuzi milioni 100, kwa sababu mtambo unaotoa wati 275 kwa kila mita ya ujazo usingemfaa mtu yeyote. Kwa hiyo ule msemo wa magazetini kwamba wanasayansi wanataka "kujenga Jua duniani" mimi siupendi. Jua kama mtambo wa umeme ni dhaifu sana, isipokuwa tu kwamba ni kubwa.

NEEMA: Lakini bado nina wasiwasi mmoja. Tuseme leo kitovu kimepata joto zaidi kidogo. Muungano utaongezeka, joto litaongezeka, na muungano utaongezeka tena. Kitu gani kinauzuia mzunguko huo?

MWALIMU: Kinauzuia uzito wa Jua lenyewe, kwa namna ambayo mwanzoni inashangaza. Jua ni gesi, na limesimama katika mizani kati ya mvutano unaolibana kwenda ndani na shinikizo la gesi ya moto linalosukuma kwenda nje. Joto likizidi kitovuni, shinikizo hushinda, gesi hutanuka, na gesi inayotanuka hupoa, kwa hiyo muungano hupungua. Joto likipungua, uzito hushinda, gesi hubanwa, hupata moto, na muungano huongezeka. Jua limekuwa likijirekebisha hivyo kwa zaidi ya miaka bilioni nne. Bomu halina mvutano wa kulirudisha.

NEEMA: Tumuendee sasa mama wa Manyoni. Nyota kubwa ina haidrojeni nyingi. Kwa nini inakufa kwanza?

MWALIMU: Kwa sababu mizani ileile inadai malipo makubwa zaidi. Nyota yenye masi kubwa ina uzito mkubwa wa kubebwa, hivyo kitovu chake kinapaswa kuwa na joto zaidi, na muungano huitikia joto kwa ukali sana. Katika Jua, joto la kitovu likiongezeka kwa asilimia 10, muungano wa protoni kwa protoni huongezeka kwa karibu nusu. Katika nyota zinazozidi masi ya Jua kwa theluthi moja hivi na kuendelea, njia nyingine ndiyo inayotawala, ambayo Bethe aliifafanua mwaka 1939: kaboni, nitrojeni na oksijeni hupokea protoni moja baada ya nyingine, na mwishoni hutoa heliamu huku kaboni ikirudi kama ilivyokuwa. Hapo protoni hazihitaji kukutana na kugeuka kwa wakati mmoja. Kwa njia hiyo, ongezeko lilelile la asilimia 10 huzidisha muungano mara nne au tano.

NEEMA: Tupe mfano wa nyota ambayo msikilizaji anaweza kuiona.

MWALIMU: Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote usiku. Masi yake ni mara mbili ya Jua, lakini mwanga wake ni mara 25. Akiba imezidi mara mbili, matumizi yamezidi mara 25, na mama mwenyewe anaweza kugawanya. Ukifika kwenye nyota yenye masi mara 10 ya Jua, mwanga unazidi mara maelfu kadhaa, na haidrojeni ya kitovuni inakwisha ndani ya miaka milioni 20 hivi. Halafu Sirius ina jambo la ziada. Mwaka 1862 Alvan Graham Clark, nchini Marekani, aliona nyota hafifu pembeni yake. Sasa tunajua kwamba ni kibete cheupe, yaani mabaki ya nyota iliyokufa, yenye masi kama ya Jua iliyobanwa katika ukubwa wa Dunia. Nyota hizo mbili zilizaliwa pamoja. Ile ya pili ndiyo iliyokuwa kubwa zaidi, yapata masi tano za Jua, na ndiyo iliyotangulia kufa.

NEEMA: Pacha mkubwa amekufa, mdogo bado anang'aa. Mama wa Manyoni hapo sidhani kama ataleta ubishi.

MWALIMU: Nina mfano mwingine ninaoupenda zaidi, nao ni Kilimia, kile kikundi cha nyota ambacho wazee wetu walikitazama ili kujua majira ya kulima. Nyota zake angavu ni za buluu na nzito, kwa hiyo hatutarajii kwamba zimeishi muda mrefu, na umri wa kundi lote unakadiriwa kuwa kama miaka milioni 100 au zaidi kidogo. Linganisha na mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Tendaguru, kule Lindi, kuanzia mwaka 1909, ambayo baadhi yake sasa imesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin. Wanyama hao waliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita.

NEEMA: Kwa maana hiyo, dinosaria wa Lindi hawakukiona Kilimia?

MWALIMU: Hakikuwapo. Na nyota zake nzito kuliko zote zitakuwa zimekwisha kufa muda mrefu kabla Jua halijabadilika sana.

NEEMA: Nyota hizo kubwa, haidrojeni ikikwisha, zinazimika tu?

MWALIMU: Hapana. Kitovu hujikunja, joto hupanda, na likifika nyuzi kama milioni 100 heliamu huanza kuungana kuwa kaboni. Katika nyota nzito sana hatua zinaendelea, lakini tazama muda wake. Kwa nyota yenye masi 25 za Jua, haidrojeni hudumu miaka milioni saba hivi. Heliamu hudumu miaka laki kadhaa. Kaboni ni miaka kama 600. Neoni ni mwaka mmoja, oksijeni ni miezi, na silikoni, ambayo ndiyo hatua ya mwisho, ni siku moja hivi.

NEEMA: Kutoka miaka milioni saba hadi siku moja! Kwa nini inaharakishwa namna hiyo?

MWALIMU: Sababu ni mbili. Kila hatua inatoa nishati kidogo kuliko iliyotangulia, maana faida kubwa ilikwisha kuliwa wakati haidrojeni ilipogeuka kuwa heliamu. Halafu, kuanzia kwenye kaboni, joto ni kali kiasi kwamba nishati nyingi hutoroka kama neutrino, chembe ambazo hupita katika mwili wa nyota bila kuzuiwa, na nyota inalazimika kuunguza zaidi ili ijisimamishe. Mwisho wake ni chuma. Kuunganisha viini vya chuma hakuleti faida, kunagharimu nishati. Kitovu cha chuma kikizidi uzito fulani, huporomoka kwa muda usiofika sekunde moja, na sehemu za nje hulipuka.

NEEMA: Jambo hili limewahi kushuhudiwa?

MWALIMU: Ndiyo, tarehe 23 Februari 1987, katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani na yetu, ambalo sisi wa kusini ya Ikweta tunaliona upande wa kusini kama doa hafifu. Saa chache kabla mwanga wa mlipuko haujaonekana, mitambo iliyoko chini ya ardhi huko Japani, Marekani na Urusi ilinasa neutrino zipatazo ishirini na kitu. Wiki zilizofuata nyota hiyo ilionekana kwa macho matupu hata kutoka hapa Tanzania.

NEEMA: Neutrino za Jua nazo zinanaswa?

MWALIMU: Zinanaswa, na kwangu mimi ushahidi huo ndio unaofunga mjadala. Mwanga unaotua leo juu ya paa la studio hii unatokana na nishati iliyotumia makumi ya maelfu ya miaka au zaidi kufika kwenye uso wa Jua, lakini neutrino hutoka kitovuni kwa sekunde mbili na kutufikia baada ya dakika nane na ushee. Kuanzia miaka ya 1960 Raymond Davis alizitafuta kwa tangi la lita karibu 400,000 za dawa ya kusafishia nguo, lililofichwa ndani ya mgodi wa dhahabu huko South Dakota, na kwa miaka mingi alipata theluthi moja tu ya zile zilizotarajiwa. Wengi walilishuku tangi lake. Mwaka 2001 na 2002 vipimo vya Sudbury, nchini Kanada, vilionyesha kwamba neutrino hubadilika aina zikiwa njiani, na jumla yake ni ileile iliyotabiriwa. Mwaka 2020 mtambo wa Borexino, nchini Italia, ulinasa hata zile zinazotokana na mzunguko wa kaboni, ile njia ya pili aliyoifafanua Bethe, ambao katika Jua letu huchangia asilimia moja hivi tu ya nishati.

NEEMA: Tumezungumzia nyota kubwa. Zile ndogo je?

MWALIMU: Hizo ni bahili. Proxima Centauri, iliyo karibu nasi kuliko nyota zote baada ya Jua, ina masi ya asilimia 12 ya Jua. Gesi yake inazunguka kutoka kitovuni hadi juu, kwa hiyo haitumii sehemu ya kumi tu, karibu haidrojeni yote inafika mahali pa kuungana. Inakadiriwa kwamba itadumu miaka trilioni kadhaa. Ulimwengu wenyewe una miaka bilioni 13.8, kwa hiyo hakuna hata nyota moja ya aina hiyo iliyokwisha kufa kwa uzee popote.

NEEMA: Na Jua letu, kabla hatujaagana, limebakiza miaka bilioni tano. Watu wasiwe na wasiwasi?

MWALIMU: Limebakiza bilioni tano za kuunganisha haidrojeni, lakini Dunia haina zote hizo. Protoni nne zikigeuka kuwa kiini kimoja cha heliamu, idadi ya chembe kitovuni hupungua, shinikizo hupungua, kitovu hubanwa na kupata moto zaidi. Ndiyo sababu mwanga wa Jua huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila miaka bilioni moja, na ongezeko moja tu la aina hiyo linatosha kuanza kuzikausha bahari.

NEEMA: Kwa hiyo mizani haihifadhi mwanga uleule, inahifadhi nyota isiporomoke.

MWALIMU: Umesema sawasawa. Mwanga ni kile kinacholazimika kutoka ili uzito ubebwe, na kwa vile kitovu kinabadilika, mwanga nao unabadilika.

NEEMA: Mwalimu, nakushukuru. Wiki ijayo tutalichukua swali la msikilizaji wa Mpwapwa, anayetaka kujua dhahabu na urani zilitoka wapi, ikiwa nyota haziwezi kuunganisha viini kwa faida kupita chuma. Maswali mengine yatumeni kwa namba yetu ileile.